Kiwanja cha ndege Loiyangalani kiwekwe lami, ama pesa yote iende barabara?

Upepo wa Kulal: Wadau, kila bajeti ya kaunti ikikaribia hii stori inarudi, kwa hivyo naiweka hapa tuimalize. Kiwanja chetu cha ndege Loiyangalani, hapa Marsabit kando ya Ziwa Turkana, ni changarawe tupu, senyenge hakuna, taa hakuna, rubani akifika lazima apite chini mara ya kwanza afukuze mbuzi na ngamia ndio azunguke arudi atue. Giza likiingia ndio basi, hakuna ndege. Wengine wanataka lami na senyenge, wengine wanasema pesa yote iende barabara ya South Horr mpaka Baragoi. Mimi niko upande wa kiwanja. Mama akishikwa na uchungu na mtoto amelala vibaya, Marsabit mjini ni zaidi ya kilomita 200, mawe ya volkano njia nzima, na mvua ikinyesha kule juu laga, yaani mito mikavu, zinajaa hamvuki. Mnasemaje?

Kamau wa Mashamba: Barabara. Ndege inabeba watu wangapi, kumi? Lori linabeba samaki, unga, dawa, na watu juu. Na tuambiane ukweli, mtu akienda Lokichoggio, kule Turkana karibu na mpaka wa Sudan, ataona. Kutoka 1989 ndege za misaada ya Sudan zilikuwa zinashuka pale mchana kutwa, uwanja mkubwa, lami safi. Amani ya Sudan ikaja 2005, mashirika yakafunga virago. Wenyeji wa Loki walibaki na nini? Uwanja haukuwajengea uchumi. Halafu huko Loiyangalani si hakuna watu, ni mawe na mbuzi.

Binti Chalbi: Hakuna watu??? Wewe Kamau umewahi kukanyaga kule? Kuna Waturkana, Wasamburu, Warendille, na El Molo ambao walikuwa wanavua kwa hilo ziwa kabla babu yako hajajua kuna ziwa. Mko na tabia ya kuangalia ramani mkiona rangi ya kahawia mnasema tupu.

Kamau wa Mashamba: Sijatusi mtu dada. Nimesema wachache. El Molo wenyewe ni wangapi, mia tatu?

Binti Chalbi: Sensa ya 2019 imewahesabu zaidi ya 1,100. Na hata wangekuwa mia tatu, mtu wa mia tatu akitokwa na damu haifai aokolewe?

Mvuvi wa Komote: Mimi ni El Molo na niko hapa nasoma vile mnatuhesabu kama mbuzi. Maji ya ziwa yamepanda hii miaka, kijiji chetu Komote kimekatwa kikawa kisiwa, tunavuka kwa boti kwenda kila mahali. Kwa hivyo mkisema barabara, barabara gani inafika kwangu? Mgonjwa wangu anatoka kwa boti kwanza, halafu pikipiki, halafu ndio tuanze kuulizana kama kuna ndege ama gari.

Nesi wa Kaskazini: Pole sana ndugu yangu. Nimefanya kazi upande huo, si ndani ya Loiyangalani yenyewe, na niwaambie lami si shida ya kwanza. Ndege ndogo ya Caravan, ya injini moja, inatua changarawe vizuri kabisa bora isiwe na mashimo. Shida ni tatu: wanyama kwa sababu hakuna senyenge, upepo ule wa mlima Kulal ukianza kushuka rubani anageuza, na simu, unapiga kuita ndege mtandao umekufa. Joto nalo, hewa inakuwa nyepesi na ndege ikiwa imejaa inahitaji mbio ndefu zaidi kuinuka. Senyenge na mtu mmoja wa kulipwa kuangalia kiwanja kila asubuhi ni bei ya chini sana kuliko lami.

Mzee Barasa: Hizo ndege ndogo mimi siziamini. Mmesahau Marsabit 2006? Ndege ilianguka, mbunge Dkt. Bonaya Godana na wenzake, wabunge kadhaa, watu 14 walikufa, walikuwa wanaenda kutafuta amani.

Upepo wa Kulal: Mzee kwa heshima, ile ilikuwa ndege ya jeshi na iligonga mlima hali ya hewa ikiwa mbaya, kiwanja hakikuwa na makosa. Na hao wazee walipanda ndege kwa nini? Kwa sababu barabara ya Isiolo kwenda Moyale wakati huo haikuwa na lami.

Kamau wa Mashamba: Si unaona basi unakubaliana na mimi, barabara kwanza. Na nyinyi mlishatengenezewa barabara na wale wa mradi wa umeme wa upepo, kutoka Laisamis, kilomita mia mbili na kitu.

Binti Chalbi: 208, na ilitengenezwa kupeleka mitambo yao Sarima. Haikuletwa kwa ajili ya mama mja mzito. Mitambo 365, megawati 310, waya unatoka huku kilomita 428 mpaka Suswa kuwashia nyinyi stima. Halafu mtu wa huko kwenye stima ananiambia kwetu ni mawe.

Kijana wa Laisamis: Na ardhi je? Ekari 150,000 za huo mradi wa upepo. Korti ya Meru 2021 ilisema hati zilipatikana kinyume cha sheria. Ulizeni kwanza wananchi wamepata nini.

Kamau wa Mashamba: Hiyo ni mada nyingine, na upepo si wa kabila la mtu.

Kijana wa Laisamis: Upepo si wa mtu lakini malisho yana wenyewe! Chai yako ya huko mashambani pia tuseme mvua si ya mtu?

Wakili Mtaani: Naomba kuingilia. Katiba, Jedwali la Nne, usafiri wa anga ni kazi ya serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti na zahanati ndio za kaunti. Kwa hivyo hata swali limeulizwa kwa ofisi isiyofaa. Kuna Hazina ya Usawazishaji, kifungu 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, maji, barabara, afya, stima. Kiwanja hakijatajwa pale, ila mnaweza kukipeleka kama cha afya.

Mvuvi wa Komote: Wakili asante. Hiyo barua inaandikiwa nani?

Kamau wa Mashamba: Kijana wa Laisamis, chai yangu umeiingiza kwa nini? Mimi nalipa kodi kwa kila kilo.

Kijana wa Laisamis: Na sisi mbuzi wetu wanalipa ushuru sokoni kila wiki. Endelea.

Nesi wa Kaskazini: Jamani, Mvuvi ameuliza swali. Wakili, mjibu.