Je, vyombo vya habari hubadili tabia za watu kuhusu mazingira, au huishia kuwapa taarifa tu?

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba vyombo vya habari havina nguvu ya kumfanya mtu atunze mazingira, kwa kuwa anayesikiliza taarifa ya ukame jioni ndiye huyo huyo anayetupa chupa ya plastiki mtaroni asubuhi. Naipinga, ingawa siungani na wale wanaodhani dawa ni kuongeza vipindi na matangazo. Nguvu ipo, tena kubwa, lakini mara nyingi huvuta upande usiotakiwa.

Mwaka 2006 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, ambako wageni huondoka na vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Walitawanya kando ya njia vipande vyenye alama, kisha wakawa wanabadilisha mabango. Pale bango liliposema kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande na kuiharibu hifadhi, karibu asilimia 8 ya vipande hivyo viliibwa. Pale bango lilipowaomba tu wageni wasichukue, wizi haukufika asilimia 2. Bango la kwanza lilikusudiwa kuonya, lakini mgeni aliyeinama juu ya kipande kinachoenea kiganjani alisoma jambo jingine kabisa: kwamba kuchukua ndiyo kawaida ya wanaopita hapo.

Ndivyo zilivyo habari nyingi za taka. Mtangazaji anasimama mbele ya lundo, kamera inazunguka polepole, sauti inalaani kwamba siku hizi kila mtu anatupa ovyo. Na yule mtazamaji anayebeba mfuko wake hadi kwenye pipa anabaki akijiona mjinga peke yake. Linaniuma sana hili, kwa sababu ndiye tuliyemhitaji.

Zipo habari zilizofaulu. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorofluorokaboni, gesi zilizotumika katika makopo ya kupuliza manukato na dawa za nywele, zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua. Magazeti na televisheni za Marekani zililishikia bango jambo hilo, na watu wengi wakaanza kuyaacha makopo hayo kabla serikali haijayapiga marufuku mwaka 1978. Kwa maoni yangu, siri ilikuwa kwamba habari ilitaja kitu ambacho mtu alikishika mkononi kila asubuhi, na kibadala chake kilikuwa kwenye rafu ile ile.

Mtoa hoja, hata hivyo, ana jambo moja la haki. Kipindi kinachomhimiza mtu atenganishe taka, ilhali gari la taka linazichanganya zote mbele ya macho yake, kinamfundisha kukidharau na kipindi kijacho. Hapo kazi ya mwandishi ni kumfuata mwenye mkataba wa gari hilo, amwache mwenye nyumba apumue.

Anayeamini kwamba habari za kutisha peke yake, zisizotaja la kufanya wala kuwaonyesha waliokwisha kulifanya, zimewahi kuwabadilisha watu kwa muda mrefu, na alete mfano tuupime.