Nina Jumapili moja tu Bologna, niende miji gani kwa treni peke yangu?

Binti_Ujiji
Wakuu habarini za jioni, naomba msaada kwa waliowahi kukaa Italia. Nipo Bologna kwa kozi fupi, wiki nzima tunabanwa darasani, siku yangu ya kutembea ni Jumapili hii inayokuja tu halafu narudi Dar. Wenzangu wanaenda Milan kwenye maduka, mimi sitaki maduka, nataka kuona miji ya zamani, kwa hiyo nitaenda peke yangu.

Mpango niliouandika: asubuhi Verona, halafu Padova, halafu Venezia, jioni nipitie Ravenna au Ferrara. Kwenye ramani naona yote yako karibu karibu. Padova ndiyo siwezi kuiacha maana mama yangu na Mtakatifu Antoni wa Padua ni damu damu, kila Jumanne ana sala zake, na nilipomwambia naenda Italia hakuuliza kitu kingine, aliuliza tu nitafika kwa Antoni?

Sasa, inawezekana? Tiketi ninunue mapema au siku hiyo hiyo? Na mwanamke mweusi peke yake kwenye treni jioni kuna shida yoyote? Bajeti ya siku nzima ni yuro 70 na chakula humo humo.

Mzee_wa_Behewa
Dada karibu. Hapo umeandika safari ya siku tatu. Verona ina reli yake, Ravenna ina reli yake, ukizifuata zote utashinda stesheni unasoma ubao wa treni na mji hutauona.

Angalia hivi, kuna reli moja inatoka Bologna inapita Ferrara, Rovigo, Padova halafu inaishia Venezia. Hiyo hiyo kaa nayo. Nenda moja kwa moja mpaka Padova asubuhi wakati una nguvu, alasiri ukiwa unarudi shuka Ferrara, jioni unamalizia Bologna ambayo kutoka Ferrara ni kama nusu saa tu. Venezia iache, ule mji unataka siku yake peke yake, na tangu 2024 kuna siku za mwaka ambazo mgeni wa kuingia na kutoka analipishwa kiingilio.

Panda treni za kawaida zile wanaziita regionale, usihangaike na Frecciarossa wala Italo. Za mwendo kasi bei inapanda kadri siku inavyokaribia na tiketi ni ya treni hiyo hiyo tu, ukichelewa imekula kwako. Regionale bei ni ile ile ukinunua leo au dakika kumi kabla, kiti hakina namba, mpaka Padova ni yuro kumi na kitu na mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ya mwendo kasi inakuokolea kama nusu saa, si kitu.

Ila sikiliza hili vizuri. Tiketi ya karatasi ya regionale LAZIMA uigonge kwenye vimashine vya ukutani kabla hujapanda. Huku si kama SGR yetu unakaguliwa mzigo na tiketi getini ndio upite, Bologna unaingia tu mpaka kwenye treni, na hapo ndipo wageni tunapopotea. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na tiketi halali mfukoni, nimeilipia, sikuigonga, kondakta akanipiga faini mbele ya behewa zima na sikuwa hata na Kiitaliano cha kujieleza. Iliniuma sana, sitaki ikukute.

Kingine, stesheni ya Bologna ni kubwa na majukwaa yanachanganya. Jukwaa wanaita binario. Kuna namba tupu, kuna namba yenye neno Ovest au Est, hayo ni majukwaa mengine kabisa na ni mbali, halafu 16 mpaka 19 yako chini ardhini ni ya mwendo kasi. Fika mapema dakika ishirini. Na saa zao ni za masaa 24 kwa hiyo 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana, usije ukasoma kwa haraka ukaiacha treni.

Ukitoka nje ya stesheni angalia saa kubwa ya ukutani, imesimama saa nne na dakika 25. Ndiyo muda bomu lililipuka pale chumba cha abiria tarehe 2 Agosti 1980, watu 85 wakafa, wengi walikuwa wanaenda likizo tu. Mimi kila nikipita pale lazima nisimame kidogo.

Nairobi_Girl_Padova
Nakubaliana na Mzee hapo juu, na kwa sababu nasoma Padova wacha nikupangie asubuhi yako.

Ukishuka stesheni usikimbilie basilika ya Antoni kwanza. Dakika kumi kwa mguu kuna kanisa dogo linaitwa Cappella degli Scrovegni, kutoka nje ni kama stoo ya matofali, ndani Giotto alichora kuta zote akamaliza kama 1305. Baba yake mwenye kanisa alijulikana kwa kukopesha watu kwa riba na watu husema mtoto alilijenga kumtubia babake. Dari yote ni buluu ya usiku na nyota za dhahabu. Kuna ile picha Yuda anambusu Yesu, amemfunika na joho lake la manjano, nyuso ziko karibu hivi zinaangaliana, mi nimeiona mara nne na bado hunishika koo. Hapo LAZIMA ubook online mapema hata leo, wanaingiza watu wachache, mnakaa kwanza dakika 15 kwenye chumba cha kutuliza hewa ndio mnaingia ndani dakika 15 tu. Usichelewe, hawangoji mtu.

Kutoka hapo tembea tu katikati ya mji. Utapita chuo chetu kilichoanza 1222, Galileo alifundisha hapa miaka 18, na mwanamke wa kwanza duniani kupata digrii ya udaktari wa falsafa, Elena Cornaro Piscopia, aliipata hapa 1678. Hiyo sikuachi bila kukwambia.

Sasa basilika, wenyeji wanaiita il Santo tu, hata jina hawataji. Kuingia ni bure, funika mabega, simu weka kwenye mkoba. Kaburi liko upande wa kushoto, kuna laini ya watu inazunguka nyuma ya altare, kila mtu anaweka mkono kwenye lile jiwe anasema yake kimya kimya. Watu huacha picha za watoto, za wagonjwa, za harusi. Nyuma kabisa ya kanisa kuna ulimi wake, walipofungua kaburi 1263 miaka kama thelathini baada ya kufa waliukuta haujaoza. Mwambie mama ukifika, usingoje urudi. Jumapili misa ni nyingi kwa hivyo jipe muda, saa moja haitoshi.

Kuhusu usalama: treni za jioni mimi hupanda peke yangu kila wikendi na sijawahi guswa. Kaa kwa behewa lenye watu, mkoba mbele. Kwa mashine za tiketi kuna wenye hujifanya wanakusaidia halafu wanadai pesa, sema no grazie na uendelee. Na beba pasipoti yenyewe si kopi, maaskari huomba karatasi stesheni na sisi weusi tunaombwa sana kuliko wengine, inaudhi lakini ukiwa nayo inaisha kwa dakika mbili.

Chakula, kunywa kahawa ukiwa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Na ule kabla ya saa nane na nusu mchana, baada ya hapo majiko mengi yanafungwa mpaka jioni.

Pwani_Oman
Mimi ningemshauri aiache Ferrara aende Ravenna, zile mozaiki za kanisa la San Vitale ni za mwaka 547 na huko ndiko alikozikwa mshairi Dante.

Mzee_wa_Behewa
Kaka Pwani Ravenna ni nzuri mno, sikatai, lakini kwa siku moja na Padova ndani yake atakuwa anakimbizana na treni. Ferrara haimpotezi njia. Kutoka stesheni ni dakika ishirini kwa mguu unakuta ngome ya ukoo wa Este imesimama katikati ya mji toka 1385, handaki la maji bado lina maji, na kuna jumba la kuta za mawe yaliyochongwa ncha kama almasi, yanafika 8,500 hivi. Mji mzima unaenda kwa baiskeli, wazee wa miaka themanini wako juu ya baiskeli. Baada ya umati wa Padova pale utapumua.

Binti_Ujiji
Asanteni sana jamani, nimebook Giotto saa nne asubuhi, zilikuwa zimebaki nafasi chache mno. Ravenna naiweka kwa siku nyingine Mungu akipenda.

Binti_Ujiji
Wadau nimerudi chumbani sasa hivi miguu inawaka moto. Tiketi niligonga zote, treni ya kurudi ilichelewa dakika 25 na sikujali. Ferrara nilikaa tu kwenye ukuta wa ngome nakula mkate wao ule uliosokotwa kama nyota yenye miguu minne, nikaangalia baiskeli.

Kwa Antoni nilikaa karibu saa mbili. Nilienda na kitambaa cha kichwa cha mama, alinipa airport bila kusema cha nini, nikakigusisha kwenye lile jiwe pamoja na mkono wangu. Nilipotoka uwanjani penye njiwa nikampigia, kwao ilikuwa wanatoka kula mchana, nikamwambia mama nimefika. Akanyamaza. Halafu nikasikia anawaita majirani.