Bonanza la wavu ukumbini Mbeya: flashi mbili ndogo, strobu moja au lenzi ya 85?

Mwanalenzi_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Wazee, shikamooni.

Nimepata kazi ya kupiga picha bonanza la vyuo hapa Mbeya, wavu na kikapu, siku mbili, zote ndani ya ukumbi. Juzi nilienda kuupima wakati timu moja ikifanya mazoezi. Wadau, lile ni pango. Taa za juu ni tyubu, karibu nusu yake zimekufa. Dari hakuna, ni kenchi za chuma na bati tupu. Mchana kuna bati chache za kupitisha mwanga zinazoangusha madoa ya jua katikati ya uwanja, jioni hata hayo madoa unayatamani.

Kamera ni Canon 80D. Kwa lenzi ya 50mm nikifungua tundu hadi f/1.8 na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400 napata shata ya 1/500 ya sekunde, tena kwa kubanabana. Lenzi yangu nyingine ni 18-135, nikiivuta hadi mwisho inafungua f/5.6 tu, tundu dogo, picha inatoka nyeusi kama masizi hata nikishuka 1/250. Na hiyo 50 ni fupi: mpiga smashi anaonekana kidole, refa aliyekaa karibu yangu ndiye anajaa fremu.

Bajeti ni laki nane na ushee. Nimebaki na njia tatu:

A. Flashi mbili ndogo, Godox TT600, na triga yake (ya kuziwasha kwa mbali) na stendi mbili.
B. Strobu (flashi kubwa) moja ya betri, Godox AD200.
C. Lenzi ya 85mm f/1.8 iliyotumika, mambo ya taa niyasahau.

Naomba uzoefu, hasa wa mtu aliyewahi kuwasha flashi mechi ikiendelea. Natanguliza shukrani.

Kamwene_Picha

Kamwene mkuu. Chukua C, kalale.

Mimi niko Iringa, kikapu cha ndani nakipiga kwa 85 na ISO 6400. Chenga (vijidoa kwenye picha) zipo, sikatai, lakini tangu programu ya Lightroom waweke ile Denoise ya akili mnemba ya kuzisafisha mwaka 2023, chenga si kesi tena. Sharti upige RAW (faili ghafi), na kompyuta iwe na nguvu, vinginevyo picha moja utaisubiri hadi chai ipoe. Taa ni mzigo. Stendi zinaangushwa na watoto, triga inagoma, na mwishowe mwamuzi anakutoa nje na stendi zako. Lenzi haigombani na mtu.

FundiTaa_Soweto

Kamwene_Picha hajakosea kwa ukumbi wake. Ila kuna kitu kimoja naona hakijasemwa, na wengi tumekijua baada ya kuharibu kazi ya mtu.

Ukitumia flashi, anayegandisha mpira si shata. Kwa 80D shata inaelewana na flashi mwisho 1/250. Ukipita hapo unapata mkanda mweusi kwenye picha, kwa sababu pazia la pili limeanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Na kwa 1/250 mkono wa mpiga smashi ni ukungu. Kinachougandisha ni mwako wenyewe wa flashi, ambao ni mfupi sana kuliko shata. Flashi ndogo ukiiweka 1/8 ya nguvu, mwako unaisha ndani ya sehemu moja ya elfu kadhaa za sekunde. Ukiipandisha hadi nguvu zote, mwako unarefuka.

Hapo ndipo watu wanaponunua strobu kubwa wakidhani wamemaliza. AD200 kwa nguvu zote, kiwanda chenyewe kinaandika mwako wa 1/220. Yaani ni mrefu kuliko shata yako! Mpira unatoka na mkia. Inabidi uishushe nguvu ndipo igandishe. Na hiyo AD200 angalau ukiishusha mwako unafupika. Zile strobu za studio za zamani, za kuchomeka ukutani, nyingi ni kinyume: ukipunguza nguvu mwako unazidi kurefuka. Usije ukaazima ya studio ya picha za pasipoti ukaipeleka kwenye wavu.

Sasa hesabu kwa vipimo ulivyotuandikia. Mwanga wa ukumbi wako ni f/1.8, 1/500, ISO 6400. Weka f/4, 1/250, ISO 1600. Taa za ukumbi zimeshuka stopu tatu na kitu (kila stopu inakata mwanga nusu), ndiyo tunachotaka: tyubu zisionekane kwenye picha, flashi peke yake ndiyo ichore. Zikibaki chini kwa stopu moja au mbili tu utapata mzimu, mkono umeganda na pembeni yake ukungu wa mkono huohuo. Mteja atakuuliza huyu mchezaji ana mikono mitatu?

TT600 kwa 1/8, ISO 1600, f/4, kichwa ukikivuta hadi 50mm, inafika kama mita 12 ikielekezwa moja kwa moja. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9. Mbili zikikaa kwenye kona mbili za upande wako, juu kadiri stendi inavyoruhusu, eneo la neti umelipata. Kikapu ni mita 28 kwa 15, hapo usijidanganye kuangaza uwanja wote. Chagua goli moja ukae nalo.

Wenye kumbi zenye dari nyeupe hugeuza flashi juu, mwanga unarudi laini. Wewe juu una bati na kutu, sahau. Na taa usiisogeze karibu na mstari ukidhani unaongeza mwanga. Umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo taa ikiwa karibu, wa mbele anakuwa mweupe kama sembe na mwenzake wa mita chache nyuma yuko gizani. Iondoe mbali, iinue.

Kura yangu ni A.

RefaMstaafu

Mniruhusu wapiga picha, mimi nilikuwa upande wa kipenga.

Kabla ya Godox na nini, kamtafute mwamuzi mkuu asubuhi, mwoneshe taa zako zilipo, uziwashe mbele yake. Niliwahi kusimamisha seti kwa sababu kijana mmoja alikaa nyuma ya mstari wa mwisho na flashi juu ya kamera, ikimchoma machoni anayepokea sevu ya upande wa pili. Kosa halikuwa flashi, lilikuwa mahali alipoiweka. Mpokeaji anatazama juu na mbele. Taa ikiwa pembeni na juu ya usawa wa macho yake, baada ya dakika tano hata haioni.

Na kuna michezo ambayo usiombe kabisa. Vinyoya, mpira wa meza na jimnastiki, kwenye mashindano makubwa flashi ni marufuku. Hata kwenye bonanza uwe na adabu hiyohiyo.

DadaFremu_Mafiat

Naungana na A, ila mwenzenu ameelezewa hesabu hajaelezewa maisha.

Kaka, ukiwa na flashi, kubonyeza mfululizo kama bunduki sahau. Kwa 1/8 utapata mbili tatu za haraka, halafu flashi inahema. Unapiga moja, kwa wakati wake. Mtazame mpangaji, usimtazame mpira: akishainua mikono unajua pasi inaenda wapi, unahesabu mruko, unabonyeza mkono wa mpigaji ukiwa unashuka. Siku ya kwanza utapata makwapa mengi sana. Ni kawaida.

Betri nunua za AA za kuchaji, seti tatu, flashi moja inakula nne. Zile za dukani za kutupa zilinitia aibu Njombe, mwezi wa 7, baridi ile inayopasua midomo. Kufika seti ya pili flashi ilikuwa inachukua muda mrefu kujaza kiasi kwamba timu zilikuwa zimeshabadilishana upande. Betri za kutupa hazipendi baridi. Za kuchaji nilizonunua baadaye sijaziona zikinifanyia hivyo, na asubuhi naziweka mfuko wa ndani wa koti.

Kamwene_Picha

Sawa, nakubali mwako. Lakini mbona hamsemi habari ya nyuma? Ukizima ukumbi stopu tatu, mashabiki wote wanapotea. Mchezaji anaruka katikati ya usiku. Mwenye bonanza anataka bango la mdhamini lionekane, na shangazi zake jukwaani. Kwa 85 yangu wote wapo.

Na kuna HSS, ile ya kuwasha flashi kwa shata ya kasi kupita 1/250. TT600 ikiwa mbali na kamera inakubali HSS kwa triga yake. Si anaweza kupiga 1/1000 na flashi?

FundiTaa_Soweto

HSS inakatakata mwako kuwa vipande vingi vya harakaharaka ili pazia likipita lote likute mwanga. Gharama yake ni nguvu, stopu mbili au zaidi zinaondoka, na ule mwako mfupi mmoja wa kugandisha haupo tena, unarudi kutegemea shata. Kwa flashi ndogo mbili kwenye pango la wavu, itakohoa tu. HSS ni ya bibi harusi juani.

La nyuma umenibana, ni kweli. Dawa yake ni flashi ya tatu imulike jukwaa, au mbili hizohizo uzitanue kidogo zimwagikie mashabiki. Au ukubali tu, kuna picha nyeusi nyuma zinazopendeza kuliko jukwaa lenye viti vya plastiki vitupu.

MzeeWaFremu

Vijana mnabishana vizuri. Hii kitu si ya jana. Mhandisi Harold Edgerton pale chuo cha MIT, Marekani, alianza kugandisha vitu kwa mwako wa umeme miaka ya 1930, na mpiga picha Gjon Mili akazichukua taa hizo akapigia wacheza dansi na wanamichezo. Hawakuwa na ISO 6400 ya kukimbilia.

Ninachotaka kusema ni habari ya zile tyubu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, kwa hiyo tyubu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera kwa 1/500 inaona: picha moja ina njano, inayofuata kijani, ya tatu imefifia. Anayechagua C ajiandae kusahihisha rangi picha moja moja. 80D ina kizuia kupepesa kwenye menyu, kiwashe, kinasubiri taa ifike kileleni ndipo shata ifunguke. Kwa njia ya flashi tatizo hilo linakufa lenyewe, kwa kuwa tyubu haichangii kitu.

Mtoto_wa_Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Si anunue tu Sony A9 III? Ile inasoma picha nzima kwa mpigo mmoja, inaelewana na flashi hadi 1/80000. Mjadala umekwisha 😂

MzeeWaFremu

Marahaba. Laki nane inatosha kununua kamba ya kuivalia shingoni.

DadaFremu_Mafiat

Mwanalenzi, umeamua nini? Bonanza si wiki hii?

Mwanalenzi_Uyole

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nachagua picha.

Nilienda na A. Hesabu za FundiTaa zilikaa karibu kabisa, ilibidi nipande ISO 2000 kwa sababu stendi zangu niliziweka mbali kuliko alivyosema. Lenzi ilikuwa ileile 50, nikiwa nimekaa pembeni karibu na nguzo ya neti badala ya kule nyuma. Ufupi wake haukunisumbua tena kama nilivyoogopa. Kuna picha ya libero (yule mchezaji wa ulinzi) amelala chini, mpira uko kiganja kimoja kutoka sakafuni, unaona hadi mishono yake, na tone la jasho limesimama hewani. Tyubu za ukumbi huzioni kabisa. Picha hiyo nisingeipata kwa 85, naapa.

Aibu sasa. Nusu saa ya kwanza flashi moja haikuwaka hata mara moja. Nilikuwa nahangaika na betri kumbe chaneli ya triga ni 3 na ya flashi ni 1. Picha zote za kipindi hicho zina upande mmoja wa uso tu, nimemwambia mwenye bonanza ni mtindo. Makwapa dada alinionya, nayo nimeyaleta. Kwa smashi kama sitini nilizobonyeza, za maana ni kumi na moja.

Stendi nilizifungia viroba vya mchanga miguuni na hazikutikisika, hata mpira ulipoigonga moja. Mwamuzi nilimfuata asubuhi kama Refa alivyosema, akaangalia, akaniambia ya kona ya kushoto niirudishe nyuma hatua mbili, basi. Siku nzima hakunigeukia.

Kamwene_Picha, na wewe una haki yako. Kikapu kiliniumbua. Wakikimbia upande wa pili sina taa, na nilikosa lile goli la mwisho lililoshangiliwa na ukumbi mzima. Kombe nililipiga kwa 50 bila flashi, ISO 6400, kizuia kupepesa kimewashwa, mashabiki wote wapo, bango lipo. Chenga zipo pia. Mwenye bonanza ameichagua hiyohiyo kwa ajili ya ukutani.

Kamwene_Picha

😂😂 Nilisema mimi. Tupia basi hiyo ya libero tuione.

FundiTaa_Soweto

Na ile flashi ya kushoto ulipoirudisha nyuma ulipandisha nguvu au uliacha 1/8?

Mwanalenzi_Uyole

Niliacha 1/8, ndipo nikapanda hiyo ISO 2000. Niliogopa mkia.