Nichore papo hapo kwenye hafla, au nipokee oda na kuchorea nyumbani?

Binti_Section58 (Nakuru)

Hamjambo ndugu zangu. Tangu mwaka jana nimekuwa nikichora majina kwenye miiko, vibao vya kukatia mboga na vishikio vya funguo kwa mashine ndogo ya leza iliyo mezani kwangu hapa Section 58. Ni mashine ya dayodi ya buluu (kidude cha kielektroniki kinachotoa mwanga huo) yenye mwali wa wati 10. Fremu yake hufunguliwa kwa skrubu nane, na yote huingia katika begi moja la mgongoni. Wateja wangu hadi sasa ni wa kuelekezwa: mtu anauona mwiko kwa jirani, anapiga simu, ninamchorea wake jioni na kumtumia kwa bodaboda asubuhi.

Mwezi uliopita nilijaribu kwa mara ya kwanza kutoka nayo, nikaenda kwenye mahafali upande wa Njoro nikiwa na meza ya plastiki, mwavuli, na betri ya sola pamoja na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) niliyoazimwa na shemeji. Watu walijaa, kwa kuwa wengi hawajawahi kuona jina likijiandika lenyewe kwenye mti. Hata hivyo, kufikia saa nane mchana nilikuwa nimemaliza vipande kumi na viwili tu, inveta ilikuwa imelia mara mbili, na watoto walikuwa wamepiga magoti mbele ya meza wakiukodolea macho ule mwanga wa buluu. Nilizima mashine kwa hofu na kuwarudishia watu wanne pesa zao.

Je, kuna anayefanya kazi hii kwa kuhamahama na ikamlipa? Ninaomba kujua jinsi mnavyopanga muda, umeme na usalama wa watu wanaosimama karibu, na kama kuna vibali ninavyopaswa kuwa navyo ninapovuka kwenda kaunti nyingine. Nimealikwa kwenye maonyesho madogo ya kazi za mikono Kisumu na ninaogopa kurudia aibu ile.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Dada, pole kwa siku hiyo, ingawa nakupongeza kwa kuzima mashine. Wengi wangeendelea kwa sababu foleni ipo.

Nianze na wale watoto. Mwali wa dayodi ya buluu una urefu wa wimbi (kipimo kinachotambulisha rangi ya mwanga) wa takriban nanomita 450, na leza ya mwanga unaoonekana ikizidi nusu wati huwekwa katika Daraja la 4, ambalo ndilo la juu kabisa. Katika daraja hilo hata mwali uliogonga kitu ukarudi unaweza kuliumiza jicho, na wewe una mara ishirini ya kiwango hicho. Miwani ya rangi ya chungwa uliyopewa pamoja na mashine inakukinga wewe peke yako, tena iwapo tu imeandikwa masafa ya nanomita inayozuia na kiwango chake cha kuzuia. Rangi ya kioo peke yake haithibitishi lolote. Watu thelathini waliokuzunguka huwezi kuwavisha miwani. Kwa hiyo jibu langu kuhusu usalama ni sanduku. Mimi nilimwendea fundi wa mabati hapa sokoni, akanitengenezea boksi lenye kifuniko cha bawaba na swichi ndogo inayokata umeme wa leza mara kifuniko kinapoinuliwa. Nyuma tuliweka feni ya volti 12 na bomba la kupeleka moshi upande usio na watu. Ndani nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa. Usitumie plaiwudi kwa boksi hilo, kwa maana moto ukishika kipande cha kazi utashika na nyumba yake. Kitambaa kibichi na chupa ya maji huwa mguuni pangu siku zote, na siondoki mezani mashine ikiwa inachoma, hata kwa kwenda kupokea chenji.

Utauliza wateja wataona nini ikiwa kazi imefunikwa. Nilidhani hivyo pia. Kumbe kinachowavuta ni kukipokea kipande kikiwa bado na joto na harufu ya mti uliochomwa, na jina lao likiwa juu yake. Ukitaka waone, elekeza kamera ya simu ya zamani ndani ya boksi na uwaonyeshe kwenye kioo cha simu nyingine.

Sasa muda, ambao nadhani ndio uliokushinda kuliko betri. Leza inapojaza umbo hufanya kazi kama mtu anayefyeka nyasi: huenda na kurudi, mstari baada ya mstari. Chukua mchoro wa sentimita 5 kwa 3. Ukiacha nafasi ya milimita 0.1 kati ya mistari, una mistari 300, kila mmoja wa milimita 50, yaani mita 15 za safari. Kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika hizo ni dakika tano, kabla ya kuhesabu breki na kugeuka kwa kichwa cha mashine. Ongeza dakika mbili za kuuliza tahajia ya jina, kulipanga na kusafisha masizi, uone saa moja inavyobeba wateja wanane tu. Lakini jina peke yake, la sentimita 4 kwa 1, ni mistari 100 ya milimita 40: mita 4, sekunde kama 80 hivi. Ukitumia mwandiko wa mstari mmoja usiojazwa, hata dakika haifiki.

Ndiyo maana mimi hugawa kazi. Nyumbani, usiku umeme wa gridi unapokuwepo, huchora pambo zima: mashua ya Dunga, kiboko, ukingo wa maua, na kuacha nafasi tupu ya jina. Kwenye hafla naja na vipande mia vilivyokwisha kuchorwa, na kinachobaki ni jina. Mteja anachagua kipande, anaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari kwa herufi kubwa (sitaki tena ugomvi wa Sharon na Sharron), analipa kwa simu, anapewa namba. Nina ubao wenye vishimo sita vilivyokatwa kwa umbo la kishikio cha funguo; ninaweka sita kwa pamoja, programu inachora majina sita mfululizo, na mimi nahudumia foleni. Anayetaka picha ya marehemu babu au ubao mkubwa wa jina la nyumba nampokea oda na nusu ya malipo, basi. Kazi hiyo haifanyiki chini ya mwavuli.

Kuhusu umeme, piga hesabu kwa wati-saa badala ya kubahatisha. Betri ya sola ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini ukiishusha zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo una 300. Inveta nayo hula sehemu yake, tuseme asilimia 15, unabaki na 255. Mashine ikivuta wati 60, kipakatalishi 30 na feni 10, una saa mbili na nusu. Nadhani hizo ndizo saa ulizopata Njoro. Betri ya lithiamu inastahimili kushushwa zaidi na ni nyepesi mgongoni, ila bei yake unaijua. Kabla ya kununua yoyote, ondoa inveta kama unaweza: soma adapta ya mashine yako, na kama ni ya volti 24 tafuta kifaa cha kupandishia volti kutoka 12 moja kwa moja. Vilevile, mashine nyingi zinaweza kusoma kazi kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu bila kompyuta, na hapo unaokoa wati 30 nyingine.

Jambo dogo la mwisho: ukishafika kwa matatu, kabla ya mteja wa kwanza chora mraba wa sentimita 5 kwenye kadibodi na uupime kwa rula. Barabara hulegeza mikanda. Nimewahi kuchora vipande tisa vya herufi zilizoinama kama waliolewa kabla sijagundua.

Ngozi_Kakamega

Nakubaliana na Fundi, isipokuwa nadhani amesahau hatari moja ambayo sokoni huletwa na mteja mwenyewe mkononi.

Mwaka wangu wa kwanza, karibu na Muliro Gardens, kijana aliniletea pochi akisema ni ngozi halisi, nami nikaiamini kwa kuwa ilinukia ngozi. Mara leza ilipoigusa ukatoka moshi mweupe mkali uliotukaba koo sote wawili. Haikuwa ngozi, ilikuwa plastiki ya PVC iliyobandikwa kwenye kitambaa. PVC ina klorini ndani yake, na ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloridi ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi, iwe ni unyevu wa hewa au wa mapafu yako. Nilikohoa siku mbili. Wiki chache baadaye skrubu na reli za mashine zilianza kuota kutu, na lenzi ikawa na ukungu usiofutika.

Tangu hapo sichori kitu cha mteja bila kukipima. Chukua kipande cha waya wa shaba, ukishike kwa koleo, ukichome kwa kiberiti cha gesi mpaka kiwe chekundu, kiguse kwenye pembe iliyofichika ya kile kitu, kisha ukirudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini. Mrudishie mwenyewe kwa heshima. Fanya hivyo mahali penye upepo. Ukiweza, uza bidhaa zako tu. Mimi hutumia ngozi ya ng'ombe, na siku hizi ngozi ya samaki aina ya mbuta kutoka upande wa ziwa, ambayo magamba yake huacha vifuko vidogo vinavyopendeza sana jina likipita juu yake, ingawa huhitaji nguvu ndogo la sivyo hujikunja.

Akriliki angavu, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, pia usiipokee. Mwali wa buluu hupita ndani yake kama mwanga upitavyo dirishani na kuchoma meza iliyo chini. Nyeusi haina shida.

Mhasibu_Mdogo (Nakuru)

Nitajibu upande wa vibali tu. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Nakuru hakikufuati Kisumu. Kila kaunti hutoa chake. Kwa maonyesho ya siku moja au mbili, muulize mwandaaji kwa maandishi iwapo ada ya meza imejumuisha ushuru wa kaunti, na utembee na risiti. Ukikutwa bila karatasi, maelezo marefu hayasaidii.

Kodi: tangu Julai 2023, mwenye biashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25 hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zingatia kuwa ni asilimia 3 ya mauzo yote na si ya faida, kwa hiyo mti, betri na nauli havipunguzi kitu hapo. Bei zako zipange ukijua hilo.

Na tafadhali usiingie katika nembo za timu. Najua kishikio chenye nembo ya klabu ya Uingereza huuzika kuliko cha maua, lakini nembo hizo ni alama za biashara zenye wenyewe. Vivyo hivyo nembo za vyuo siku ya mahafali: omba ruhusa, au andika jina la mhitimu na mwaka, inatosha.

Binti_Section58 (Nakuru)

Nimesoma yote mara mbili na nimekwisha kumwita fundi wa mabati aje apime mashine. Kweli adapta yangu ni ya volti 24. Kuhusu nembo, Mhasibu, umenikamata. Nilikuwa na mbili kwenye kipakatalishi na nimezifuta.

Nina swali moja la ziada. Mama mmoja wa Molo ameniagiza vibuyu sita vya mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, vyenye majina ya wanawe, kwa ajili ya sherehe. Nilijaribu kimoja kwa kuliandika jina likizunguka tumbo la kibuyu, herufi za katikati zikatoka nyeusi safi na za pembeni zikawa kama kivuli. Je, ninunue kile kifaa cha kuzungushia chupa wakati leza inachora?

FundiWaKibuye (Kisumu)

Usinunue kwa sababu ya vibuyu. Kifaa kile hupenda kitu kilicho duara sawasawa kama chupa ya chai, na hakuna kibuyu cha namna hiyo.

Shida yako ni umbali wa lenzi. Kibuyu chenye kipenyo cha sentimita 12, ukiandika jina la upana wa sentimita 4 kukizunguka, kingo za jina ziko chini ya katikati kwa zaidi ya milimita 3, na huko mwali umekwisha kutawanyika. Ligeuze jina lifuate urefu wa kibuyu, kutoka shingoni kwenda chini, mahali ambapo mgongo wake umenyooka zaidi. Herufi zenye kimo cha sentimita 2.4 zitapishana kwa takriban milimita 1.2 tu kati ya mgongo na kingo. Kisha usiweke fokasi (pale mwali unapokutana kuwa nukta) kwenye kilele kabisa. Ishushe nusu milimita, ili kilele na kingo vigawane hasara.

Kilaze kibuyu ndani ya mfuko wa mchanga ili kisiviringike, nawe ukipapase kwanza kwa kidole kutafuta upande wenye uvimbe mdogo. Kama kimepakwa mafuta, kifute kwa kitambaa kikavu mpaka kisiache alama, maana mafuta huleta masizi yanayoingia kwenye ngozi ya kibuyu. Funika sehemu ya jina kwa utepe wa karatasi wenye gundi, chora juu yake, ubandue. Tena umwambie huyo mama akupe vibuyu kabla havijatiwa maziwa hata mara moja, na akupe saba.