Watoto wa paka wiki nne: wameanza uji, sasa wanaharisha

Mwenye_Nyau: Habari wakuu. Watoto wanne wa paka, wametimiza wiki nne. Mama yupo na ananyonyesha, ila ameanza kuwakwepa. Nawapa chakula kikavu cha watoto wa paka kilicholowekwa kwenye maziwa ya ng'ombe. Wawili wanalamba, wa tatu anakikanyaga tu, mdogo wao hataki hata kunusa. Tangu jana hao wawili wanaharisha. Niache kwanza?

Chonge: Usiache chakula, acha maziwa ya ng'ombe. Laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, inawashinda kumeng'enya, inabaki utumboni na kuvuta maji, ndiyo huko kuharisha. Lowekea maji, au maziwa ya unga ya watoto wa paka. Kwa kuwa bado wananyonya, maji yanatosha.

Vipimo: chakula kikavu sehemu moja, maji ya moto sehemu tatu, funika dakika 20 hadi 30, kisha ponda kwa uma mpaka mabonge yaishe. Wape kikiwa vuguvugu, karibu nyuzi 38. Kikipoa harufu inapungua nao hawakijali. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa kila mmoja, mara nne kwa siku, na kilichobaki baada ya saa moja mwaga. Choo kikishika, punguza maji kidogo kila baada ya siku tatu au nne. Wiki ya saba au ya nane watakuwa wanakula chakula kama kilivyo. Ukiharakisha kukaza uji, kuharisha kutarudi.

Bibi Paka: Huyo anayekanyaga hana shida, anajifunza. Tumia kisahani bapa, si bakuli. Wakimaliza wafute uso na miguu kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na uwakaushe, maana uji ukigandia kwenye manyoya ngozi inachubuka, na mtoto mwenye manyoya mabichi hupoteza joto upesi.

Mdogo mpakie uji kidogo mdomoni kwa ncha ya kidole, alambe mwenyewe. Usimsukume pua kwenye sahani: chakula kikiingia kwenye njia ya hewa kinaweza kuleta nimonia.

Kisha mizani ya jikoni, ya gramu. Mimi naiamini kuliko kalenda. Wapime kila siku saa ileile. Mtoto anayekua vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Anayeongezeka uzito hata kama hagusi uji, mwache anyonye, meno ya pembeni bado yanamtoka.

Mwenye_Nyau: Asanteni. Nimepima: watatu wako kati ya gramu 390 na 430. Mdogo 295, na jana alikuwa 301.

Chonge: Huyo hahitaji uji kwa sasa, anahitaji maziwa na daktari wa mifugo, leo au kesho. Huenda wenzake wanamsukuma kwenye chuchu. Mguse kwanza: akiwa wa baridi usimlishe chochote, kwa sababu tumbo lake halisagi. Mpashe joto polepole kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Akishapata joto, mpe maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa chupa, akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo, kamwe si chali. Usizidishe mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja. Kwake ni kama 11 au 12.

Bibi Paka: Nenda na choo cha wale wawili pia kwenye kichupa, kipimwe minyoo na vimelea vingine. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, usikisie. Usingoje miadi ukiona damu, kutapika, au mtoto aliyelegea. Jaribu kuvuta ngozi ya shingoni: isiporudi mara moja, maji yamepungua mwilini.

Kingine, mama naye ale chakula cha watoto wa paka, kina nishati zaidi. Chakula cha mbwa hapana, taurini yake, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula, haitoshi paka. Na mchanga wa choo usiwe wa aina inayoganda. Umri huu wanauonja, nao huvimba tumboni.

Mwenye_Nyau: Maji ya kunywa je, niweke?

Chonge: Weka, kisahani kifupi, mbali na chakula. Yabadilishe kila wanapoyakanyaga, yaani mara nyingi.