Mama mkwe kabeba begi lake karudi Muheza, kisa kikombe cha chai. Naombeni ushauri

Mama Watatu:
Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za leo. Najua humu kuna watu wana midomo, lakini watu wazima pia wapo, ndiyo maana nimekuja.

Mimi ni mama wa nyumbani, tunakaa Sahare, Tanga. Binti ana miaka saba, wa kiume minne, wa mgongoni miezi tisa. Mume yuko bandarini, kazi za zamu. Kazi ya dukani niliacha alipozaliwa wa kwanza na tulikubaliana wawili, kwa hiyo tafadhali asije mtu na habari za "tafuta cha kufanya". Ninacho.

Sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaowaita Wamormoni. Nilibatizwa Dar kabla sijaolewa, mume akafuata. Huku Jumapili tunasali sebuleni kwa ruhusa ya kiongozi wetu: mume anabariki mkate na maji, mimi nafundisha watoto. Jumatatu usiku simu zinawekwa kando, tunaimba, somo fupi, mchezo, halafu kashata. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili na hela yake inakwenda kwa wenye shida. Pombe hatugusi, sigara hatuvuti, kahawa na chai hatunywi.

Hapo kwenye chai ndipo penye mgogoro. Mtu wa Tanga akikuuliza umekunywa chai, anakuuliza umekula. Mgeni akitoka kwako mkavu, hadi jioni mtaa una habari.

Mama mkwe alikuja nilipojifungua. Mbondei, kwao Magila, Mwanglikana tangu babu zake. Saa kumi na moja alfajiri uwanja umeshafagiliwa. Nikawa namchemshia mchaichai na tangawizi, maziwa pembeni, anakunywa bila neno. Kumbe majani yake anayo, kayatia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Mchana nikilala na mtoto, yeye anachemsha, anakwenda kunywea uani kwenye kikombe chake cha bati cha bluu, kile kilichobanduka rangi ukingoni. Nilijua kwa harufu. Nikanyamaza.

Jumatano binti katoka shule mapema. Mwezi ujao anatimiza nane, na kwetu huo ndio umri wa kubatizwa, kwa hiyo tumekuwa tukimfundisha. Kamkuta bibi yake uani, kamchukulia kikombe mkononi, kakimwaga kwenye mchicha, kasema: "Bibi, unakunywa dhambi."

Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia. Na sikutoka. Nilimaliza kwanza kukuna kile kizio. Mungu anisamehe, moyoni kuna kitu kilisema afadhali kasema mtoto.

Nilipotoka bibi anaosha kikombe. Hakugomba. Kafungasha, kanishikisha mtoto, kaniambia "Nyumba ni yako, mwanangu," kapanda bodaboda hadi stendi ya Kange. Mume katoka zamu ya usiku hakumkuta mama yake. Tangu siku hiyo ni salamu tu.

Nikiruhusu chai ndani naona nawachanganya watoto. Nikikataa, nimemfukuza mzazi wa mtu. Nifanyeje?

Mzee wa Pongwe:
Uzi huu ni chai.

Kijana wa Donge:
Ya rangi au ya maziwa, mzee?

Nguru Mkavu:
Wamormoni si ndio wale wa wake wengi? Mumeo aongeze wa pili anayejua kuchemsha maji, kesi imekwisha.

Mama Watatu:
Ndoa za wake wengi kanisa lilianza kuziacha 1890. Leo ukioa wa pili unafukuzwa. Uliza lingine.

Nguru Mkavu:
Haya. Uji wa moto mnakunywa?

Mama Watatu:
Tunakunywa. Maandiko yetu yanasema "vinywaji vya moto", na viongozi tangu mwanzo walieleza kwamba ni chai na kahawa. Mchaichai si mti wa chai, ni majani tu, ndiyo maana naupika.

Fundi Bati:
Dada usiyumbe. Mimi Mwislamu, baba mkwe wangu Mkristo wa bara, akija kwangu hali kitimoto na hajawahi kulalamika. Kila nyumba na sharti lake. Mtoto kakosea namna ya kusema, lakini alichosema ndicho mlichomfundisha. Mkimgeuka leo, kesho hatawaamini.

Bi Mwambani:
Fundi Bati, baba mkwe wako ulimpokonya sahani mkononi? Basi usifananishe.

Mtoa mada, mwanangu, marahaba. Mimi ni rika la mavyaa wako, na nina wakaza mwana watatu, kwa hiyo nakusemesha kama mama. Chai iache pembeni kwanza. Mtu mzima kamwagiwa kinywaji chake na mjukuu, na mkaza mwana yuko hatua nne pale anakuna nazi. Unadhani hakuisikia mbuzi ikiendelea kukwaruza? Aliisikia. Mimi ningeisikia. Hilo ndilo lililombebesha begi.

Na jambo la pili. Yule mama alikuwa akijificha kunywa, kwa umri wake, kama mtoto aliyeiba sukari. Kakustahi miezi tisa. Wewe uliita kunyamaza, yeye aliita adabu.

Usimpigie simu. Usimtumie hela kwenye simu, atajiona analipwa. Nenda na mtoto. Ukitaka kubeba kanga, soma jina lake kabla hujalipa. Wapo walionunua maua mazuri kumbe maandishi yanamtukana mkwe.

Halafu muulize mumeo swali moja: mama yake ni wa Muheza ipi? Ya machungwa au ya chai?

Kijana wa Donge:
Bi mkubwa hapo kwenye mbuzi umeua.

Dada wa Ubungo:
Dada yangu, mimi ni muumini mwenzio. Naongea kama mimi, si kwa niaba ya kanisa.

Ninapohojiwa kupata kibali cha hekaluni naulizwa kama MIMI nashika Neno la Hekima, yaani ule ufunuo unaotukataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Sijawahi kuulizwa mama mkwe wangu anakunywa nini. Maneno ya mwanzo ya ufunuo ule yanasema haukutolewa kwa amri wala kwa kulazimisha. Ulikuja kuwa sharti baadaye, nalo ni sharti kwetu tulioingia majini tukaahidi.

Unakumbuka pia ulivyoanza? Kirtland, Ohio, Februari 1833. Wanaume wanakutana chumba cha juu nyumbani kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, wanavuta, wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni, na mkewe Emma ndiye anayebaki kusugua mbao. Inasimuliwa kwamba malalamiko yake yalikuwa sehemu ya sababu Joseph akaenda kuuliza kwa Mungu. Yaani mwanamke alichoshwa ndani ya nyumba yake, akasikilizwa. Sasa kwako mwanamke mzima kachoshwa, kaondoka.

Kwangu baba anavuta sigara. Ana kigoda chake chini ya mwarobaini. Wanangu wanajua kile ni kigoda cha babu na hakuna anayempigia kelele. Wakubwa wawili wameshabatizwa na hakuna aliyechanganyikiwa. Tunadunduliza nauli ya hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, na babu anatuchangia. Hela ya mvuta sigara, na tunaipokea.

Fundi Bati:
Sijashawishika, ila la kigoda nimelielewa.

Mama Watatu:
Nimewasoma wote. Bi Mwambani, shikamoo tena. Nimelia kidogo hapo kwenye mbuzi.

Nimemuuliza mume swali lako. Kakaa kimya kama dakika nzima, halafu kasema: "Ya chai." Mama yake kwao Magila, lakini aliolewa juu kule Amani. Baba mkwe, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa mchumaji kwenye mashamba, na mama alichuma pia, kapu mgongoni, mtoto tumboni, kwa ujira wa kilo. Ada ya mume wangu ilitoka mule. Miaka tisa ya ndoa na sikuwahi kuuliza. Machungwa ni ya juzi, aliposhuka kwenda kukaa na wifi yangu.

Jumamosi hii mume yuko mapumziko. Tunakwenda wote.

Mzee wa Pongwe:
Mimi sasa nasubiri hapa hapa.

Mama Watatu:
MREJESHO. Tumerudi jana jioni.

Tulimkuta anapepeta mchele. Katupokea mtoto, katukaribisha, kapika bada na mchuzi wa nguru kama hapakutokea kitu. Mimi nilisemea jikoni, tukiwa wawili. Nikamwambia, mama, nilisikia na sikutoka. Kasema, "Najua. Nazi yenyewe ilikuwa kavu ile." Hakuongeza, na mimi nikashukuru hakuongeza.

Binti aliomba radhi mwenyewe, kapiga magoti. Bibi kamwambia: "Umebatiza mchicha wangu, sasa uniletee nione kama umeokoka." Tukacheka, hata mume. Kisha kamchukua hadi kwenye mchungwa, kashika tawi, kamwonyesha babu yake alivyokuwa akichuma: majani mawili na chipukizi kati ya vidole, la tatu ukiliacha liingie kapuni msimamizi anakupunguzia. Mtoto akawa anachuma majani ya mchungwa hadi giza.

Njiani ndani ya gari ndipo aliponiuliza: "Kwa hiyo babu alikuwa anachuma dhambi?" Nilijua litakuja. Nikamjibu kwamba mimi na baba yake tulimwahidi Mungu hatutakunywa, na yeye mwezi ujao akipenda ataahidi. Bibi hakuahidi hilo, ana ahadi zake nyingine na anazishika kuliko sisi. Kauliza ni zipi. Nikamwambia atamuuliza mwenyewe.

Maana anakuja. Kasema yeye alibatizwa mchanga kwa maji ya kumwagiwa kichwani, anataka aone mtoto mzima anavyozamishwa. Atakaa hadi huyu mdogo atembee.

Kikombe cha bluu kanipa nitangulie nacho. Nimekiweka kabatini pamoja na vikombe vyetu. Mume alifungua kabati usiku akitafuta glasi, akakiona, akakishika kidogo, akakirudisha. Asubuhi akaniuliza nimeamkaje, na akakaa asikilize jibu. Majani, mama amesema, atakuja nayo mwenyewe, hataki ya dukani.

Bi Mwambani:
Jina la kanga lilikuwaje?

Mama Watatu:
"Mama ni mama." Nilisoma mara tatu.

Kijana wa Donge:
Mzee wa Pongwe, bado ni chai?

Mzee wa Pongwe:
Ni chai. Tieni na iliki.