Paa linavuja jua likiwaka, mwenye nyumba anasema nisubiri spring

Binti_wa_Uyole

Wakuu habari zenu, poleni na baridi. Nipo Minneapolis, nimepanga juu kwenye nyumba ya familia mbili, chini wanakaa wengine, juu mimi na mwanangu wa miaka mitatu.

Shida iko hivi. Theluji kubwa ilipoanguka hakukuwa na tatizo lolote, ikakaa juu ya paa na baridi ile kali, ndani kukavu kabisa. Jua lilipotoka tu, mbingu nyeupe hata wingu hakuna, maji yakaanza kushuka kwenye kona ya chumbani, pale dari inapolala kufuata paa, yanatambaa na ukuta mpaka juu ya dirisha. Usiku yanaacha. Kesho yake mchana yanaanza tena. Mimi nimekulia Mbeya, kwetu bati likivuja unajua mvua inanyesha, hili la kuvuja na jua linawaka sijawahi kuliona.

Rangi imetuna, sehemu nyingine imeanza kubanduka. Nje kwenye gata kuna mibarafu inaning'inia mirefu kuliko mwanangu. Nikampigia mwenye nyumba akaniambia hiyo kawaida ya huku, weka ndoo, fundi atapanda spring. Spring yenyewe Aprili!!

Naomba msaada: hivi kweli ni kawaida? Paa limetoboka? Na je naweza kuacha kulipa kodi mpaka atengeneze, maana rafiki yangu kaniambia nisilipe. Ila naogopa, akinitoa na baridi hii naenda wapi na mtoto.

Omogusii_wa_BrooklynPark

Usilipe hata senti moja dada. Landlodi wa hapa hakuna lugha wanaelewa ingine ni hiyo tu. Mwezi ukipita atakutafuta yeye mwenyewe na fundi mkononi 😂

fundi_mapaa

Pole dada. Mimi nafanya kazi za mapaa huku St. Paul, winta ya 2022-23 theluji ilipopita inchi 90 tulikuwa hatulali kwa ajili ya hiki hiki unachosema. Paa lako inawezekana kabisa halijatoboka.

Kinachotokea: joto la hita yako linapanda, linapenya dari, linalipasha paa kwa ndani. Theluji iliyogusana na paa inayeyuka kwa chini hata kama nje ni baridi ya kuua. Maji yanateremka chini ya ile theluji mpaka ukingoni, ule upande wa paa uliotokeza nje ya ukuta, na pale chini yake hakuna nyumba yenye joto, ni hewa ya nje tu, basi yanaganda. Yanakuja mengine yanaganda juu ya yale, mwisho ukingo wote umejengeka ukuta wa barafu. Maji yanayofuata yanakosa pa kutokea, yanasimama nyuma ya ule ukuta, na vile vigae vyeusi vya lami vimepangwa kupitisha maji yanayoteremka, sio maji yaliyosimama yanayorudi kinyumenyume. Yanapanda chini ya kigae, yanakuta tundu la msumari, ndio hao wageni wako. Jua likitoka yanayeyuka mengi zaidi kwa hiyo unayaona mchana, usiku yanaganda yananyamaza.

Na dari ikiwa imelala hivyo nyumba yako ni zile za zamani za ghorofa moja na nusu, Minneapolis zimejaa. Chumba cha juu kimejengwa ndani ya paa lenyewe, kati ya dari na mbao za paa nafasi ni ndogo mno, insulesheni (ile tabaka ya kuzuia joto lisipotee) haitoshi na hewa haipiti. Hizo ndizo zinatulisha sisi.

Mwenye nyumba akisema kawaida, ni kweli zinapatikana nyumba nyingi, lakini sio kwamba hakuna cha kufanya mpaka Aprili. Leo leo anaweza kuita watu wa mvuke, wanakuja na mashine ya mvuke wa moto inakata barafu bila kuumiza vigae. Mtu akija na shoka au nyundo mwambie arudi, vigae vikiwa na baridi vinakatika ovyo na hapo sasa ndio paa litatoboka kweli. Chumvi ya kawaida pia hapana, inakula chuma cha gata na kuua miti ya chini. Dawa ya muda ni soksi ndefu za kike unajaza kalsiam kloraidi, zinalazwa kukatisha ule ukuta wa barafu, zinachimba mfereji maji yapate njia. Halafu kuna reki yenye mpini mrefu, mtu anasimama chini kabisa anavuta theluji ya ukingoni. Hayo yote afanye yeye au mtu wake. Wewe usipande ngazi, nakuomba, na mtoto asipite chini ya hiyo mibarafu, ikikatika inashuka na uzito wake wote.

Ila sikia hapa. Ukimwambia "paa linavuja, tengeneza paa" atakuja spring na kopo la lami, atapaka, winta ijayo mnarudi pale pale. Mwambie joto linapotelea darini. Kwanza kuziba matundu, yaani kwenye taa zilizochimbiwa, bomba la choo linapotokea, kimlango cha kupandia juu, halafu ndipo insulesheni. Watu wengi wanamwaga insulesheni juu ya matundu yaliyo wazi, pesa imepotea hiyo.

Binti_wa_Uyole

Asante sana kaka nimeelewa kuliko alivyonielewesha mwenye nyumba. Ndiyo dari imelala pande zote mbili. Sasa jioni hii naona doa limesogea limekaribia taa ya katikati, na pale kwenye kona jipsam imeshuka kidogo ukiigusa ni laini. Hiyo nifanyeje?

Mwana_Uvira

Dada, iyo taa usiwashe tena. Nenda mu boksi ya umeme, zima breka ya icho chumba, lala chumba kingine na mutoto. Miye niko Iowa, ku nyumba yetu plafo (dari) ilianguka na maji yote juu ya kitanda, bahati hakukuwa mutu.

Pale penye imeshuka, maji imejikusanya ndani. Weka beseni chini, chukua bisibisi utoboe katundu kadogo pale katikati, acha maji yatoke. Utaona uchungu kutoboa plafo ya mutu lakini usipotoboa maji itatembea itafuta nafasi kubwa zaidi, mwisho plafo nzima inaanguka. Piga picha mbele ya kutoboa na nyuma, na video.

Kisha kausha. Feni, toa kapeti, sogeza vitanda mbali na ukuta. Vitu vikikaa na maji zaidi ya saa 24 mpaka 48 ukungu unaanza, ile nyeusi, na watoto inawapa kikohozi ya kutoisha.

Na ingine, nyumba ni ya mwaka gani? Kama ni ya mbele ya 1978 rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake, madini ya lead. Rangi ikibanduka usifagie kavu, pangusa na kitambaa chenye maji, mutoto asiokote, na omba kliniki wamupime damu. Kwa umri wake ni kipimo cha kawaida hawatakushangaa.

Mama_Neema_BP

Binti, nimesoma yote. Hayo ya Uvira fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Haya. Omogusii mdogo wangu unampeleka mwenzio pabaya. Minnesota ukiacha kulipa kodi kimya kimya, mwenye nyumba anakufungulia kesi ya kukutoa kwa kutolipa, na hakimu akishaamua utolewe, ukiomba nyumba nyingine wanaweza kuiona. Utakuwa sahihi kuhusu paa na bado unatafuta nyumba na kesi mgongoni. Mimi nimefanya ukalimani mahakamani miaka mingi, hiyo filamu nimeiona mara nyingi na mwisho wake huwa ule ule.

Sheria iko upande wako lakini ina njia zake. Sura ya 504B ya sheria za Minnesota, kifungu cha 161, mwenye nyumba lazima aweke nyumba katika hali ya kukalika na aifanyie matengenezo, na hata mkisaini mkataba unaosema vingine haifuti hilo. Kifungu hicho hicho tangu 2024 kinamtaka aweze kukupa joto la angalau digrii 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba mosi mpaka Aprili 30, hilo nalitaja kwa sababu kuna wenye nyumba wakiambiwa joto linayeyusha theluji wanakimbilia kupunguza hita. Asikupunguzie.

Unaanza na barua. Simu haihesabiki. Barua ya maandishi, ieleze tatizo, na ubaki na nakala. Siku 14 zikipita hajatengeneza, unaweza kwenda mahakama ya kaunti (yako ni Hennepin) ukafungua kinachoitwa rent escrow, kifungu cha 385. Maana yake kodi unailipa, tena yote unayodaiwa, ila unaiweka kwa karani wa mahakama badala ya kumpa yeye, na hakimu ndiye anaamua atengeneze lini, wewe upunguziwe kiasi gani. Kuna ada ya kufungua, kipato kikiwa kidogo omba fomu ya kusamehewa. Kwa hiyo ile hela usiile! Watu wanafika mahakamani kodi wameshanunulia matairi.

Wakati siku zinahesabika piga 311 ya jiji, omba inspekta. Ni bure, anakuja anaandika ripoti yake, na ripoti ya inspekta mbele ya hakimu ina uzito kuliko picha zako mia. Hita ikizima kabisa au maji yakikatika hapo usisubiri siku 14, kuna kesi ya dharura, unamtaarifu mwenye nyumba saa 24 kabla halafu unaenda.

Kuhusu kutolewa: ukilalamika kwa nia njema halafu ndani ya siku 90 akakupa notisi ya kuondoka, yeye ndiye anatakiwa kuthibitisha kwamba sio kisasi. Sio kinga ya chuma lakini mawakili wao wanaijua na inawapunguza kasi. HOME Line wanashauri wapangaji wa Minnesota bure, wapigie kabla hujafungua chochote.

Omogusii_wa_BrooklynPark

Sawa mama nimekubali, nimekula corner 😅 Lakini si mnaona vile hii system inachosha mtu, mpaka siku 14 ziishe dari iko sakafuni tayari.

Mama_Neema_BP

Inachosha kweli, sibishi. Ndio maana barua inatoka leo.

fundi_mapaa

Nyongeza mbili halafu nanyamaza.

Kwanza hakikisha unajua unachovujiwa nacho. Kama madoa yangekuwa madogo madogo yametawanyika dari nzima, au yanatokea feni ya bafuni, ningesema ni mvuke wa ndani ulipanda ukagandia chini ya mbao za paa, sasa unayeyuka. Hapo kosa linaweza kuwa feni ya bafu inapumulia darini badala ya nje, na reki na soksi hazisaidii kitu. Yako iko ukingoni na ukutani juu ya dirisha, hiyo ni ukuta wa barafu, lakini siku ya kupika makande masaa matatu fungua feni hata hivyo.

Pili, mwenye nyumba wengi wanaogopa bei ya insulesheni. Kuna mpango wa serikali ya shirikisho wa kuzibia baridi nyumba za wenye kipato kidogo, Weatherization, upo tangu 1976. Nyumba za kupanga zinaingia. Yako ina familia mbili, kwa hiyo mmoja wenu akiwa na kipato kinachostahili inaweza kukubaliwa, mwenye nyumba anatakiwa kutia sahihi. Ukiomba msaada wa bili ya hita ulizia na hiyo hapo hapo. Nimeona wenye nyumba wabishi kweli kweli wakilainika waliposikia mtu mwingine anachangia. Foleni yake lakini ni ndefu, hiyo ni ya winta ijayo.

Binti_wa_Uyole

Nimezima breka, nimetoboa, maji yaliyotoka sikuamini, beseni limekaribia kujaa. Mtoto amelala sebuleni. Godoro na nguo zimeloa, hizo atalipa nani, bima yake?

Na mama, hiyo barua naandikaje, kizungu changu cha kuandika sio kizuri.

Mwana_Uvira

Asiransi yake ni ya nyumba, vitu vyako haviko ndani. Kama ulikata ile ya mupangaji, piga simu uwaulize kama wanalipa maji ya barafu ya juu ya paa maana contrat hazifanane. Godoro usitupe mbele ya kupiga picha.

Mama_Neema_BP

Kizungu chako kinatosha, hawakupi maksi. Andika tarehe juu, jina lake, anuani ya nyumba. Halafu tatu tu: maji yanaingia chumba cha kulala tangu tarehe fulani, nilikupigia simu tarehe fulani ukasema hivi, naomba uondoe barafu ukingoni na utengeneze dari na chanzo chake ndani ya siku 14. Taja kwamba doa limefika kwenye taa na kuna mtoto mdogo ndani. Usitukane, usitishie, hakimu ataisoma hiyo karatasi. Tia sahihi, piga picha, tuma kwa posta kwenye anuani unayopelekea kodi na nyingine mtumie kwa imeili. Ukimaliza niwekee hapa bila majina, niipitie kabla posta haijafungwa kesho.